Mtoto wa jirani anamtishia binti yangu: niseme au ninyamaze?

Mama Mshauri, shikamoo.

Naomba usilichapishe jina langu, kwa sababu watu ninaowaandika ni watu ninaoamkiana nao kila asubuhi.

Nina umri wa miaka 34, nimeolewa, nina mtoto wa kiume wa miaka 9 na wa kike wa miaka 6. Tunaishi wilaya ya Temeke katika nyumba tuliyoijenga wenyewe kidogo kidogo, chumba baada ya chumba. Mume wangu anafanya kazi ya zamu, wiki nyingine usiku, nyingine mchana. Mimi ni fundi cherehani na mashine yangu iko barazani, kwa hiyo kutwa nzima naona kila kinachopita uchochoroni.

Ng'ambo ya uchochoro anaishi mama mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi, mwenye genge la mboga na nazi. Nilipojifungua binti yangu kwa upasuaji na mama yangu yuko mbali, ni yeye aliyekuja kunikanda, kuniogesha na kunipikia uji. Mume wangu alipokaa bila kazi, Bibi alitukopesha mboga na hakuwahi kutudai mbele za watu. Nayasema haya ili uelewe kwamba si jirani wa kupuuzwa.

Miaka miwili hivi iliyopita binti yake alifariki mkoani, na mtoto aliyemwacha akaletwa huku baada ya kukaa kwanza kwa ndugu wa upande wa baba. Nitamwita Musa, ingawa si jina lake. Ana miaka 11 na yuko darasa la tano. Mwanzoni tulimwona mtoto mkimya, mwenye adabu, anayeamkia wakubwa na kubeba ndoo za maji bila kutumwa. Hata leo akiniona na mzigo huja kunipokea, na hilo ndilo linalonichanganya.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa kuku wangu. Nilimkuta nyuma ya choo amefungwa miguu kwa uzi wa cherehani yangu, amenyonyolewa upande mmoja akiwa hai, na Musa amechuchumaa mbele yake. Hakukimbia. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alitaka kujua atalia mpaka lini. Baadaye watoto wa mtaa walisema kwamba ndiye aliyewatia paka wachanga kwenye kiroba na kuwatupa mtaroni, lakini hilo sikuliona kwa macho yangu.

Nilikwenda kumweleza Bibi habari za kuku. Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua fimbo akamchapa mtoto mpaka miguu ikatoka damu, huku yeye mwenyewe akilia. Kesho yake Musa alipita barazani kwangu akichechemea, akaniamkia, kisha akasema, "Ahsante, mama, kwa kumwambia bibi." Akanitazama kwa muda mrefu, akaenda zake. Tangu siku hiyo ninamwogopa, na ninaona aibu kusema kwamba mtu mzima namwogopa mtoto wa darasa la tano.

Hivi karibuni binti yangu alianza kukataa kucheza nje, na akarudia kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Nilimbembeleza sana mpaka akaniambia maneno ambayo Musa amemwambia: "Siku mama yako akilala mchana nitakupeleka kwenye tangi, nikuzibe mdomo usipige kelele. Na ukisema, mama yako atakufa." Tangi hilo tulilichimba uwani kwa ajili ya siku za mgao wa maji, na mfuniko wake ni kipande cha bati tu.

Halafu jioni moja, mume wangu akiwa zamu ya usiku, nilitoka uwani nikamkuta Musa amesimama kimya chini ya dirisha la chumba cha watoto, ameshika panga. Alisema ametumwa kukata majani ya mgomba. Mgomba upo kweli upande ule.

Mume wangu anasema tumpeleke polisi, na kama polisi hawatamshughulikia, awaambie vijana wa ulinzi wa mtaa wamfundishe adabu. Jirani mmoja anashikilia kwamba mtoto ana jini na apelekwe kwa mganga. Wengine wameandika karatasi ya kumpelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wakitaka Bibi amrudishe mtoto alikotoka au ahame naye, na wamesema Jumapili watapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini. Bibi hajui kuhusu karatasi hiyo. Kuhusu maneno aliyoambiwa binti yangu, sijamwambia mtu yeyote zaidi ya mume wangu, kwa kuwa najua nikimwambia Bibi mtoto atapigwa, na nikimwambia jirani mwingine yeyote Bibi atafukuzwa.

Je, ninyamaze na kumfungia binti yangu ndani? Tuuze nyumba tuhame? Na je, mtoto anaweza kuzaliwa tu akiwa mbaya?

Mama wa Wawili, Temeke

*

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelihifadhi, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtaa wako usitambulike.

Barua yako nimeirudia, kwa sababu mara ya kwanza niliisoma kwa hofu ileile uliyoiandika nayo, na hofu humfanya mtu aone upande mmoja tu. Ninavyokuelewa, umebanwa kati ya fadhila na wajibu. Ukisema, unaona unamsaliti mwanamke aliyekuuguza ukiwa na mshono, tena unajua fimbo itamwangukia nani. Ukinyamaza, kila unapoinamia cherehani unamwacha binti yako na tishio ambalo tayari limemfuata mpaka kitandani. Juu ya hayo kuna mume anayetaka hatua, majirani wenye karatasi, na mtoto ambaye humwelewi, kwa sababu mkono unaopokea mzigo wako ndio huohuo ulionyonyoa kuku akiwa hai.

Liko jambo ambalo halingoji maamuzi hayo makubwa, nalo ni usalama wa binti yako kuanzia leo. Tangi lifungwe kwa mfuniko mzito wenye kufuli. Hata Musa asingekuwapo, bati juu ya shimo la maji katika uwanja wenye watoto ni hatari. Binti asiachwe na Musa bila mtu mzima anayewaona, hata kama wapo watoto wengine, na mwanao wa kiume asipewe kazi ya kumlinda dada yake, kwa kuwa miaka 9 haiwezi kuubeba mzigo huo. Umweleze binti kwamba maneno yale ni uongo, kwamba mama hafi kwa sababu mtoto amesema ukweli, na kwamba amefanya vyema kusema. Kisha umtajie watu wazima wengine wawili anaoweza kuwakimbilia wewe ukiwa haupo.

Hapo naomba tutulie kidogo. Umeandika kwamba binti alianza kukojoa kitandani kabla hajakueleza lolote. Inawezekana tishio peke yake limetosha kumfikisha hapo, na watoto wengi hurudia hali hiyo wakiogopa. Inawezekana pia kuna zaidi ya maneno. Mkiwa peke yenu na mmetulia, ukimwogesha au ukimsuka, unaweza kumuuliza swali moja lililo wazi, kwa mfano, "Kuna kitu kingine kilichotokea ambacho hukupenda?" Akisema hapana, usimrudierudie, maana mtoto anayeulizwa kila siku hatimaye hutafuta jibu la kumridhisha mama. Akisema ndiyo, iwe ameguswa au ameumizwa, ratiba yote inabadilika: msiende kwanza kwa jirani wala kwa mwenyekiti, mnakwenda hospitali siku hiyohiyo na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, pale zinapohitajika, hutolewa ndani ya saa 72 na si baada ya hapo. Naandika hili si kwa sababu naamini limetokea, bali kwa sababu ni aina ya habari ambayo mzazi huitafuta muda ukiwa umeshapita.

Sasa turudi kwa Musa. Nimejaribu kuyatenga uliyoyaona, uliyoambiwa na uliyoyahisi, kwa maana katika barua yako yamefuatana kwa kasi mpaka yanaonekana yana uzito sawa. La kuku uliliona. La paka uliambiwa na watoto ambao tayari wanamwogopa Musa, na katika mitaa yetu mtoto akishapata sifa mbaya kila kiatu kinachopotea huwa amekichukua yeye. La panga uliliona, lakini wewe mwenyewe umeniambia mgomba upo. Mtoto wa miaka 11 kutumwa na panga jioni si habari mpya Dar es Salaam, ingawa kusimama kimya chini ya dirisha ni jambo la kuulizia kwa yule aliyemtuma. Na ile "ahsante" umeisikia kuwa tishio. Huenda ilikuwa tishio. Huenda pia ilikuwa kejeli ya mtoto aliyedhalilishwa, au adabu aliyofundishwa kwa kipigo, kwamba ukishachapwa unashukuru. Wapo watoto wanaolelewa hivyo. Sijui ni lipi, na nadhani wewe pia hujui.

Lililonishika zaidi ni maneno aliyoambiwa binti yako. Yasome tena polepole, bila kumfikiria Musa: nitakupeleka mahali ambapo hawatatuona, mama yako akiwa amelala, nitakuziba mdomo usipige kelele, na ukisema, mama yako atakufa. Watoto wakigombana hutishiana kupigana, kusemeana kwa mwalimu, kunyang'anyana mpira. Maneno haya ni ya aina nyingine. Ni maneno ambayo mtu mzima humwambia mtoto anayemtendea ubaya ili anyamaze. Tena yametoka kwa mtoto ambaye mama yake amekufa kweli, na aliyekaa mahali fulani kabla ya kufika kwa Bibi, mahali ambapo barua yako imepapita kwa nusu sentensi. Sisemi kwamba nimegundua kilichompata. Inawezekana maneno hayo aliyasikia kwenye filamu katika kibanda cha video, au kwa wavulana wakubwa. Ila ningekuwa mimi, swali la kama amezaliwa mbaya ningeliweka kando kwanza, nitafute nani alimwambia nani maneno haya.

Nchi yetu ina sababu ya kuliuliza swali hilo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili. Wavulana hatuwaulizi. Tunawaita watundu, tunawachapa, nao wanazidi kukua.

Uliuliza kama mtoto anaweza kuzaliwa mbaya. Watoto huzaliwa na hulka tofauti, hilo kila mama wa watoto wawili analijua. Kumtesa mnyama kwa makusudi na kutishia wenzake ni miongoni mwa dalili ambazo madaktari wa akili huzihesabu wanapochunguza tatizo la mwenendo kwa mtoto, kwa hiyo usimkubalie anayekwambia ni utundu utakaoisha wenyewe. Lakini madaktari haohao hawambandiki mtu aliye chini ya miaka 18 jina la ugonjwa wa haiba ya kutojali watu, kwa kuwa mtoto bado anabadilika. Dalili hizo zaweza kutokana na kuteswa, kushuhudia mtu akiteswa, msiba ambao hakuna aliyemsaidia kuulia, na mara nyingine ugonjwa au jeraha la kichwa. Mtu wa kuzipambanua yupo: hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke haiko mbali nanyi, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Najua kumtajia mtu kliniki ya akili mtaani kwetu ni sawa na kumtukana, na Bibi anaweza kulipokea hivyo. Ndiyo maana pengine ni rahisi kuanza kwa kusema mtoto halali vizuri, au ana majonzi ya mama yake, mambo ambayo pia ni ya kweli.

Kuhusu mganga nitasema kidogo. Bibi akitaka mtoto asomewe dua au aombewe, sioni haja ya kugombana naye. Wasiwasi wangu ni tiba za kufunga kamba, kunyima chakula, kuchapa ili jini atoke. Mtoto wa namna hii hahitaji mtu mzima mwingine wa kumuumiza.

Sasa, umesema ukimwambia Bibi, mtoto atapigwa. Mara ya kwanza ndivyo ilivyokuwa. Ulikwenda na habari ya kuku, alikuwa labda na wateja, labda amechoka, akafanya jambo pekee analolijua la kukuonyesha kwamba hamtetei mjukuu wake dhidi yako. Alikuwa akilia, umeandika. Mtu anayechapa huku akilia huenda anaogopa kuliko wewe. Nauliza tu: una hakika gani kwamba hajui? Mtoto analala chumba kimoja naye au kile cha jirani. Huenda anajua mengi, tena mengine kutoka mkoani, na ameyafungia kifuani kwa kuhofia kunyang'anywa kitu pekee alichoachiwa na binti yake. Ukienda bila mashtaka, genge likiwa limefungwa, ukakaa naye chini kama alivyokaa nawe ulipokuwa mzazi, unaweza kuanza kwa kumuuliza Musa aliishi vipi kule alikotoka. Maneno ya binti yako yanaweza kuja baadaye, yakitanguliwa na ombi: "Bibi, nakwambia hili kwa sababu nakuamini, na nakuomba usimchape, maana nahisi mtoto ameumizwa." Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu adhabu iliyopita kiasi kwa umri wa mtoto, lakini sidhani kama kwa Bibi sheria ndiyo mlango wa kuingilia. Hatari ipo: anaweza kukana, kukasirika, au kukuahidi kisha akachapa ukishaondoka. Wewe unamjua kuliko mimi.

Kama unaona hilo haliwezekani, au umelijaribu likashindikana, lipo la kumfikia mtu ambaye kazi yake ni hii. Wanaopaswa kupokea habari ya mtoto anayehisiwa kutendewa ubaya ni mamlaka ya serikali za mitaa, na sheria hiyohiyo ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kuifikisha. Kwa vitendo, maana yake ni ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa manispaa, na unaweza kwenda peke yako bila karatasi ya saini. Ipo pia namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hulipii. Ukipiga unaeleza kama ulivyonieleza mimi, na wao huunganisha na maofisa wa eneo lako. Shuleni, ulizia mwalimu wa malezi na unasihi, ukijua kwamba mwalimu huyo mara nyingi ana darasa lililofurika na vipindi vyake vingine pia. Sikufichi kwamba maofisa ni wachache, na unaweza kuambiwa njoo kesho. Tena ukishafungua jambo, huliendeshi peke yako: ofisa anaweza kuuliza maswali ambayo Bibi hayapendi, na anaweza kutambua ni nani aliyesema. Upande wa pili, ofisa huyo anaweza kuulizia kule mkoani, jambo ambalo wewe na Bibi hamliwezi, na huenda huko wapo watoto wengine.

Mume wako anatajia polisi. Nadhani ni mtu anayekwenda kazini usiku akijua dirisha la watoto wake liko wapi, na namwonea huruma. Ila mweleze kwamba polisi hawatafanya anachokifikiria. Kwa kifungu cha 15 cha Kanuni ya Adhabu, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai kabisa, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hakupaswa kutenda alichokitenda. Dawati la jinsia na watoto ni jambo jingine. Kulifikia si kumfunga mtoto, na kama Musa atamkamata mtoto yeyote au kuingia kwenu na silaha, hapo hamngoji miadi ya ofisa wala ruhusa ya Bibi. Kuhusu vijana wa mtaa nitasema wazi zaidi ya kawaida yangu: sioni namna ambayo jambo hilo linaweza kwisha vizuri. Unajua jinsi kundi linavyokusanyika Dar es Salaam, na jinsi lisivyojua mahali pa kuacha.

Kuhama je? Mmeijenga nyumba hiyo chumba kwa chumba, na sitakwambia kwamba kuta zina thamani kuliko mtoto. Wapo wazazi wanaohama, nami siwalaumu. Pima tu kwamba kuuza kunachukua muda, na binti yako anahitaji ulinzi katika muda huohuo. Na kwamba pengine yupo shangazi au mama mdogo anayeweza kumpokea likizo ijayo, mkapumua bila kuuza kitu.

Umeniuliza mengi kuhusu kumzuia Musa, lakini hukuniuliza uishi naye vipi kila asubuhi. Bado ataamkia. Unaweza kumwitikia. Anaweza kukupokea ndoo mpaka barazani, mbele za watu, asiingie ndani. Akiuliza kwa nini haruhusiwi kucheza na binti, ni vyema ajibiwe na mtu mzima kwa maneno mafupi ya kweli, kwamba maneno aliyomwambia yamemtisha na huo ndio utaratibu wa sasa, kuliko kuachwa abuni sababu yake. Lakini binti asije akajulikana kwamba ndiye aliyesema kabla hujahakikisha wawili hao hawakutani peke yao. Na ikitokea siku moja Musa akaanza kukueleza kilichompata, usimwahidi kwamba utaificha siri hiyo. Msikilize, mwambie si kosa lake, usimchimbe kwa maswali ya nani na mara ngapi. Hayo yana watu waliosomea kuyauliza.

Imebaki karatasi ya Jumapili. Kuitia saini kutakuweka upande wa majirani wako na huenda kukakupa usingizi wa muda, ingawa mtoto akirudishwa alikotoka anarudi labda kwa yuleyule aliyemfundisha maneno yale. Kukataa nako kuna gharama, maana watauliza unamtetea kwa nini. Unaweza kuwaambia kwamba wewe unataka jambo hili liende kwanza ustawi wa jamii, ukawauliza kama Bibi mwenyewe ameshaitwa akasikilizwa, kwa sababu mwenyekiti atawauliza hilohilo. Wakikubana, hulazimiki kueleza barazani yaliyompata binti yako. Zungumza na mume wako kabla ya siku hiyo, ili wasije wakampata yeye mlangoni na kalamu wewe ukiwa sokoni.